Kupima Orodha ya Fantasi ya Kulipia Kabla ya Kutoa Fedha

Mpwa wangu, ambaye anauza viazi mviringo soko la Mwanjelwa, Mbeya, alinijia akiwa na simu mkononi, akitaka ushauri kama alipe shilingi 15,000 kwa mwezi ili awe anapokea orodha ya wachezaji, waliopangwa kuanzia aliye bora, kutoka kwa mtu anayejiita mtaalamu wa fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, ule mchezo wa mtandaoni ambao unaunda timu yako ya wachezaji halisi kwa bei za mchezo na kupata pointi kadiri wanavyofanya uwanjani. "Mjomba, huyu hakosei," alisema. Sikumjibu ndiyo wala hapana, kwa kuwa niliwahi kulipia orodha ya namna hiyo msimu mzima bila kujua kama inanisaidia. Tulimtafuta mwenzetu wa tatu, tukachanga shilingi 5,000 kila mmoja kwa mwezi, tukaipima kwa wiki kumi za mchezo kwa utaratibu ufuatao.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya zawadi. Mchezo wenyewe ni bure. Katika kundi letu watu 12 huweka shilingi 10,000 kila mmoja, hivyo mshindi huchukua 120,000. Msimu huanza Agosti na kumalizika Mei, yaani miezi kumi, na kwa malipo ya mtu mmoja hiyo ni 150,000. Anayelipa peke yake hupata hasara hata akiwa wa kwanza.

Hatua ya pili: chagua orodha ya bure ya kushindanishwa nayo. Mimi hutumia wastani wa pointi kwa kila mechi, ambao umo ndani ya mchezo wenyewe.

Hatua ya tatu: andika kabla ya muda kufungwa. Mabadiliko ya wachezaji wa timu yako hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki. Mechi ya Jumamosi inayoanza saa sita na nusu mchana kwa saa za Uingereza, kwetu hufungiwa saa saba mchana, lakini baada ya saa zao kurudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba hufungiwa saa nane. Nakili orodha zote mbili kwa wakati mmoja, tena kwa kalamu kwenye kaunta buku. Najua vijana wanapenda majedwali ya simu, lakini jedwali la simu hurekebishika kimyakimya baada ya matokeo, na mtu aliyekwisha kulipa ana kila sababu ya kulirekebisha.

Hatua ya nne: linganisha pale tu orodha zinapotofautiana. Hapa ndipo nilipopoteza jioni nyingi za baridi ya Uyole. Mara ya kwanza nililinganisha orodha nzima ya wachezaji zaidi ya 500, nikaona ile ya kulipia inapatia ajabu, kumbe ilikuwa inapatia kwa sababu ilimweka Erling Haaland juu na makipa wa akiba chini, jambo ambalo mtu yeyote anayekaa kibanda umiza angelifanya bila malipo. Unacholipia ni tofauti, si kile ambacho orodha zote zinakubaliana. Kwa hiyo tafuta jozi: wachezaji wawili wa nafasi moja, ambao bei zao hazipishani kwa zaidi ya pauni milioni 0.5, na ambao orodha moja imemtanguliza huyu na nyingine imemtanguliza yule; inayoshinda ni orodha iliyomtanguliza aliyepata pointi nyingi zaidi. Sisi tulichukua jozi tano kila wiki, na kila jozi iliyotoka sare tuliitenga tukaweka nyingine iliyokuwa imeandikwa akiba.

Jozi hizo zina mitego. Wastani wa pointi haujui kwamba mchezaji ameumia, ila mchezo wenyewe humwekea alama ya njano au nyekundu bila kukutoza chochote. Usipomwondoa mwenye alama nyekundu kwenye orodha yako ya bure, utakuwa unampa mtaalamu sifa ya habari ambayo kila mtu anayo. Vivyo hivyo, timu ikiwa na mechi mbili ndani ya wiki moja ya mchezo, zidisha wastani wa wachezaji wake kwa mbili, na ikiwa haina mechi, andika sifuri. Kwa upande mwingine, usimwonee huruma mtaalamu aliyemweka juu mchezaji ambaye baadaye alianzia benchi akapata pointi moja. Mpwa wangu alitaka jozi hizo zifutwe kwa madai kwamba "hakucheza", nikakataa, kwa kuwa kukadiria nani ataanza ndiyo kazi kubwa anayodai malipo.

Hatua ya tano: hesabu. Ukirusha sarafu mara 50, kupata kichwa mara 28 si jambo la kushangaza. Hivyo katika jozi 50 mimi singeshawishika kwa ushindi ulio chini ya 33. Orodha ya kulipia ilishinda 27, ya bure 23.

Hatua ya sita: tazama ilishindia wapi. Nusura niiache hatua hii, na nisingependa mtu aitegemee sana kwa sababu jozi zikigawanywa hubaki chache mno. Hata hivyo, karibu ushindi wote wa ziada ulitoka kwenye wiki ambazo timu zilikuwa zimecheza mashindano ya Ulaya katikati ya wiki, ambapo makocha hupumzisha wachezaji na wastani wa nyuma husaidia kidogo. Katika wiki za kawaida mtaalamu hakutuzidi kitu.

Mwenzetu wa tatu anaendelea kulipa kila mwezi kwa sababu anafurahia kusoma maelezo ya mtaalamu. Mpwa wangu, anayeamka alfajiri kupokea magari ya viazi na hana nafasi ya kufuatilia nani kapumzishwa, hulipia Desemba pekee, mwezi ambao mechi hurundikana.