Bata akiatamia, mwekee beseni la maji

Nimejifunza kaskazi hii, hapa Wete, Pemba: bata akiatamia, weka beseni la maji hatua chache kutoka kwenye kiota. Akitoka kula ataoga, atarudi kifua kimerowa, na unyevu ule huzuia utando wa ndani ya yai usikauke ukamnasa kifaranga. Bata hawa wetu wenye uso mwekundu huatamia kama siku 35, si 28 kama wale weupe wa kizungu, kwa hiyo usiyatupe mayai mapema (mimi nilikaribia). Kiota kikiwa juu ya saruji tupu mbinu hii haifai, mayai yatakaa majimaji na kuoza. Tandika majani makavu kwanza. Vifaranga vikianza kutoka, ondoa beseni, weka sahani yenye kokoto, vitoto visizame.