Namna ya kuhifadhi losheni ya mafuta ya mise kwa viungo vya mimea

Wapo watengenezaji wa losheni ya mise, yaani mafuta ya kokwa za mchikichi, wa Ujiji, Mwanga na Kasulu mkoani Kigoma wanaoamini kwamba matone machache ya mafuta ya karafuu yanatosha kuilinda bidhaa yao isivunde. Ni kweli kwamba karafuu huua vijidudu, kwa sababu yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta yake, huharibu utando wa seli za bakteria na ukungu. Lakini yujenoli hupenda mafuta kuliko maji, ilhali vijidudu huzaliana ndani ya maji. Kwa hiyo katika losheni sehemu yake kubwa huhamia kwenye mise na kuyaacha maji bila ulinzi. Kuongeza kipimo hakusaidii, maana yujenoli ikizidi huwasha ngozi na kuleta mzio. Mise nayo haijilindi: karibu nusu ya mafuta yake ni asidi ya lauriki, ambayo ikiwa huru hupambana na bakteria, lakini ndani ya mafuta imefungwa kwenye molekuli kubwa na haifanyi kazi hiyo.

Amua kwanza kama bidhaa inahitaji maji. Ukiyeyusha sehemu nne za mise na sehemu moja ya nta ya nyuki, utapata mafuta mazito yasiyo na maji, ambamo bakteria hawawezi kuzaliana. Hapo tatizo linabaki kuchacha tu, na vitamini E huchelewesha hali hiyo. Ningemshauri kila anayeanza aanzie hapa.

Ukitaka losheni yenye maji, tegemea asidi ya benzoiki na asidi ya sorbiki, ambazo zote mbili hupatikana katika mimea, ingawa chumvi zake zinazouzwa madukani kwa kawaida hutengenezwa viwandani. Kwa kilo moja ya losheni, yeyusha gramu 5 za sodiamu benzoeti na gramu 3 za potasiamu sorbeti katika maji yaliyochemshwa. Pasha maji hayo na mafuta, kila kimoja katika chombo chake, hadi nyuzi joto 70, kisha changanya. Mchanganyiko ukipoa chini ya nyuzi 40, weka gramu 2 za mafuta ya karafuu, yawe msaidizi tu. Ukiyaweka mapema, mengi yataruka na mvuke.

Hatua inayoamua kila kitu ni kupima pH, yaani kipimo cha uasidi (namba ikiwa ndogo, uasidi ni mkubwa), na ipimwe mwishoni, kwa kuwa chumvi hizo huipandisha. Asidi ya benzoiki huingia ndani ya kijidudu ikiwa haijaachana na haidrojeni yake: kwenye pH 4.2 nusu yake iko katika hali hiyo, kwenye pH 5 ni kama asilimia 14, na kwenye pH 7 haifiki hata asilimia moja. Ongeza asidi ya sitriki kidogo kidogo hadi ufike kati ya 4.5 na 5. Hapa mafundi wa sabuni wawe waangalifu sana, kwani losheni ambayo maji na mafuta yake yameunganishwa kwa sabuni au magadi ina pH ya juu, na ukiitia asidi itakatika, maji yatengane na mafuta. Nunua nta ya kuunganishia isiyo ya sabuni, inayostahimili asidi.

Usitumie maji ya majani yaliyolowekwa wala utomvu wa mshubiri uliokamuliwa nyumbani. Vitu hivyo huingiza vijidudu pamoja na chakula chao, na mbegu za baadhi ya bakteria hazifi kwa kuchemshwa.

Usiridhike na kunusa wala kutazama, kwa sababu losheni inaweza kubeba mamilioni ya bakteria kwa gramu bila kubadilika rangi wala harufu. Katika maabara, bidhaa hutiwa makusudi vijidudu kama Pseudomonas aeruginosa, Staphylococcus aureus na Candida albicans, kisha hufuatiliwa kwa siku 28 kuona kama vinapungua. Kipimo hicho ni ghali kwa mjasiriamali mdogo, lakini losheni ya maji isiuziwe mtu kabla haijakipita, hasa ikiwa itapakwa watoto wachanga. Usajili wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania tangu 2019. Jaza losheni katika chupa za pampu au za kubinya badala ya makopo ya mdomo mpana, ili vidole visiingie ndani.