Barua ya ajira isiyoacha maswali

Ninawashughulikia mishahara na mikataba wafanyabiashara wadogo wa Kirumba na Igoma, hapa Mwanza. Nikiletewa barua ya ajira niikague kabla ya kusainiwa, jicho linakwenda kwanza kwenye mshahara.

Usiandike "mshahara 400,000" ukaishia hapo. Kijana anayekuja kutunza stoo ya dagaa atapanga chumba kwa hesabu ya laki nne, halafu mwisho wa mwezi akute pungufu na aone ameibiwa. Andika hivi: "Mshahara ghafi Sh 400,000 kwa mwezi. Utakatwa mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF) 10%, yaani Sh 40,000, na kodi ya mapato (PAYE) Sh 7,200. Mkononi utapata Sh 352,800." Kodi hiyo, kwa viwango vya sasa, ni 8% ya kile kinachozidi 270,000 baada ya kutoa NSSF. Taja na tarehe ya kulipwa. Kama kuna chakula cha mchana, nacho kiandikwe.

Kazi yenyewe ieleze kwa vitendo: kupokea magunia kutoka soko la Mwaloni, kuyapima, kuyaandika kwenye daftari, kufunga stoo. "Na kazi nyingine utakazopangiwa" iwe mstari wa mwisho. Wapo wanaoandika huo tu, na huko ni kumwonea mtu.

Saa za kazi zinataka uangalifu zaidi hapa kwetu. Wakati wa giza, siku zisizo na mbalamwezi, dagaa huingia kwa wingi alfajiri. Mbalamwezi ikiwaka, stoo hupoa. Basi andika ratiba zote mbili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka mwisho wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu.

Likizo ni siku 28 kwa mwaka. Muda wa majaribio uwe na tarehe ya kuanza, ya kuisha, na jina la atakayempima.

Weka pia tarehe ya kuripoti, mahali pa kuripoti, na siku ya mwisho ya kujibu. Chapa nakala mbili, kila mmoja abaki na yake: mkifikishana kwenye shauri na huna maandishi, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana ni wako wewe mwajiri. Asiyesoma vizuri msomee yote, hata kwa Kisukuma, aulize anachotaka, ndipo aweke dole gumba.