Mkono ndani ya tenga: ninavyowafundisha vijana wa chuo uaminifu

Nilikuwa na miaka 13 mjomba aliponipa ndoo ya maji na kuniambia ninyunyizie korosho za chini zizidi uzito, za juu niziache kavu. Maji huku kwetu Tandahimba, juu ya uwanda wa Makonde, si kitu cha kuchezea; watu huyafuata mbali na huyanunua kwa ndoo. Nikamwaga. Mjomba kwetu ndiye mzee wa ukoo, na mtoto hamuulizi. Gunia likapanda mizani, likapokelewa, mjomba akaninunulia shati.

Leo ninafundisha vijana chuoni, yaani madrasa, baada ya Magharibi, wengi wao wa umri ule ule niliokuwa nao. Naandika haya kwa walimu wenzangu wa madrasa na kwa wazazi, maana nimeona tunakaririsha aya za ukweli miaka na miaka, kisha Oktoba msimu wa korosho ukifunguliwa, kijana anayesoma Qurani kwa tajwidi nzuri kuliko wote anachanganya mchanga kwenye gunia.

Mimi huanza na mkono. Wiki mbili kabla ya mizani kufunguliwa, naomba korosho debe moja kwa mzazi. Usiku nalowesha nusu, asubuhi naziweka chini ya tenga, zile kavu nazitandaza juu. Vijana wakija nawaambia wazitazame bila kugusa, kila mmoja aseme kama angezinunua. Wote husema ni safi, daraja la kwanza. Kisha namwita mmoja mmoja atumbukize mkono mpaka chini. Nyuso zao hubadilika. Hapo, na si kabla ya hapo, ndipo nawasimulia hadithi aliyoipokea Muslim: Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye lundo la chakula, akaingiza mkono, vidole vikatoka na unyevu. Akamuuliza mwenye mali kuna nini. Yule akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kile kilicholowa juu watu wakakiona, kisha akasema, mwenye kughushi hatokani nami. Ukiitanguliza hadithi kabla ya tenga, wataisikia kama walivyosikia nyingine zote. Mkono ukiwa bado umelowa, wanajua ni wao wanaosemwa.

Usiishie hapo, waeleze na madhara. Korosho yenye unyevu ikikaa ghalani inashika ukungu, kiini kinageuka rangi. Na tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kwetu mwaka 2007, mzigo wa wanachama wa chama cha ushirika unakusanywa pamoja na kuuzwa mnadani pamoja. Gunia lako likishusha ubora wa shehena, bei inamshukia pia mjane aliyeanika korosho zake siku tatu na kuzichagua moja moja. Kijana anayedhani anamwibia tajiri wa mbali akijua kwamba anamwibia bibi wa jirani, hunyamaza. Mwache anyamaze, usimjazie maneno.

Kuhusu moto wa Jahanamu, nausema, maana ni kweli, lakini siuanzi. Kijana uliyemtisha tu anajifunza kujificha vizuri zaidi. Namwanzia kwa Mtume kuitwa al-Amini na watu wa Makka kabla hata wahyi haujamshukia, na kwa usiku wa kuhama, alipomwacha Ali nyuma azirudishe amana za watu, wakati watu wa mji ule ule walikuwa wamepanga kumuua. Hapo nawauliza: wewe ungezirudisha? Wabishane. Mwaka juzi walibishana mpaka adhana ya Isha, na msichana mmoja alisema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria, kwamba amana haikuwa ya maadui bali ya Mungu aliyeishuhudia.

Baada ya mafundisho, wape amana mikononi. Chuoni kwetu kuna kopo la michango ya chaki na taa. Wanalishika vijana wawili, si mmoja, wana daftari, na kila Alhamisi tunahesabu mbele ya wote. Wawili na daftari ni muhimu: kumwacha mtoto peke yake na fedha zisizohesabiwa ni kumtega, na Qurani yenyewe katika Suratul Baqara inatuamuru deni liandikwe na mashahidi wawepo.

Siku moja zilipungua shilingi 1,500. Sikuuliza nani. Nilisema tu kwamba hesabu imepungua, kwamba mimi nipo mpaka baada ya Isha, na atakayekuja hatapigwa wala hatatajwa. Alikuja. Alikuwa amenunua bando. Nilimpokea, nikamkalisha, tukapanga arudishe shilingi 300 kila wiki kwa kusaidia watu kupakia magunia. Na daftari sikumnyang'anya. Mzazi mmoja aliposikia alinilaumu sana, akasema nimefuga mwizi. Mimi bado naamini nilifanya sawa. Ukweli ukimgharimu mtoto kila kitu, kesho hatausema, nawe utakuwa umemfundisha hivyo kwa mkono wako. Lakini alilipa yote, na hilo nalishikilia: toba ya haki ya watu haikamiliki kwa istighfari peke yake, haki irudi kwa mwenyewe. Lile gunia la mjomba mimi siwezi kuwajua wote niliowadhulumu, kwa hiyo kila msimu natoa sadaka kwa niaba yao, na vijana nawaambia ni ya nini.

Sasa lile zito kuliko yote: mkubwa anapomwamuru. Hadithi isemayo hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba wote wanaijua. Hawajui waseme nini wakiwa wamesimama mbele ya mjomba. Kwa hiyo tunafanya mazoezi. Mmoja anakuwa mjomba, anakaa kwenye kiti, mwingine anaamkia na kusema: "Shikamoo mjomba. Nisamehe, hilo siliwezi. Nipe kazi nyingine yoyote nitaifanya." Sauti ya chini, macho chini, miguu haiondoki. Rudieni mara nyingi mpaka maneno yazoee mdomo. Na aliyeamriwa akashindwa kukataa, aje aniambie. Kwenda kuzungumza na mjomba ni kazi yangu mtu mzima, si yake. Maneno hayo hayo yanamfaa akifuatwa na mnunuzi wa kangomba, yaani wa magendo nje ya chama, anayemnong'oneza alete korosho za nyumbani usiku.

Wazazi nao nawaita mara moja kabla ya msimu. Nawakumbusha yule mama aliyemwita mwanawe, "njoo nikupe," Mtume akamuuliza alikusudia kumpa nini. Akasema tende. Akaambiwa kwamba asingempa chochote, angeandikiwa uongo. Halafu nawauliza ni nani wiki hii amemwambia mtoto apokee simu aseme "baba hayupo." Jirani yangu katekista, ambaye huwafundisha watoto wake Mithali 11:1 juu ya mizani ya hadaa, aliniambia swali hilo hilo limewainamisha vichwa na waumini wake.

Katika kikao cha mwisho baba mmoja alisimama akasema: na karani wa mizani akinipunja mimi je? Alikuwa na haki ya kuuliza. Suratul Mutaffifin inawaonya wanaojipimia kamili na kuwapunguzia wengine, na mpunjaji anaweza kuwa upande wowote wa mizani. Tangu siku hiyo nimeongeza somo: vijana wanajifunza kuusoma mzani, kuhakikisha uko sifuri kabla gunia halijapanda, kupima nyumbani na kuandika kilo kwenye daftari kabla ya kwenda chamani, na kutoondoka bila risiti yenye kilo zile zile. Zikitofautiana, wanaomba kwa adabu gunia lipimwe tena, mbele ya watu.