Mbwa kuvuta mguu ukimbana haimaanishi anasikia maumivu

Hii nimeonyeshwa juzi na daktari mzoefu nikaona nisikae nayo peke yangu. Mbwa kagongwa na bodaboda, miguu ya nyuma imelala kabisa, ukimbana kidole cha mguu kwa fosepsi, kile kikoleo cha daktari (bana mpaka kwenye mfupa, sio ngozi tu) usiangalie mguu, angalia kichwa. Mguu ukivutwa hiyo ni refleksi tu, taarifa inaingia kwenye uti wa mgongo pale kiunoni na amri inarudi palepale, ubongo hauhitajiki, kwa hiyo hata uti ukiwa umekatika juu kidogo mguu bado utaruka, na ndo hapo mwenye mbwa anashangilia na wewe unashangilia naye. Unachotafuta ni ageuke, alie, atake kukung'ata, au hata mboni zitanuke tu, hapo ujue taarifa imefika juu na matumaini yapo. Asipofanya lolote hali ni mbaya sana, mwambie mwenye mbwa ukweli mapema.

Kabla ya kuanza mfunge mdomo kwa bandeji, kisha bana kwanza mguu wa mbele ujue huyu mbwa akiumia anafanyaje. Kipimo kinadanganya kama bado yuko kwenye shoki (damu haizunguki vizuri baada ya ajali) au ameshachomwa sindano ya usingizi au dawa kali ya kutuliza maumivu, pia wapo wale wagumu wanaonyamaza tu kwa woga, hao rudia baadaye wakishatulia. Na kama anatembea, hata kwa kuyumba, usimbane, hakuna unachotafuta hapo.