Timu ya Usimamizi wa Majengo Isiyosimama kwa Mguu Mmoja

Simu iliita saa nane usiku. Bomba lilikuwa limepasuka ghorofa ya tatu ya jengo tulilokuwa tukilisimamia, na maji yalishateremka ngazi hadi kwenye kibanda cha mlinzi. Mlinzi alikuwepo. Msimamizi wa zamu alifika baada ya dakika ishirini. Wakabaki wawili wanatazama maji. Koki kuu ilikuwa chumba cha mita, nyuma ya ubao, na aliyejua hivyo ni fundi wetu wa miaka mingi, ambaye usiku huo alikuwa msibani na simu ameizima, kama ilivyo haki yake.

Sikupata wa kumlaumu, na hilo ndilo lililonisumbua. Tangu hapo, mwenye kampuni akiniambia anataka wafanyakazi wavumilivu, humuuliza kwanza kama wanajua koki iko wapi. Haya ndiyo tuliyoyafanya baada ya usiku ule.

Hatua ya 1: Tafuta kazi zenye mtu mmoja tu

Chora jedwali. Kushoto orodhesha kazi, wala usiandike vyeo: kupokea kodi na kutoa risiti, kulinganisha malipo na taarifa ya benki, kukagua nyumba mpangaji anapoingia na anapotoka, kuwasha jenereta, kuita mafundi wa lifti, kutunza funguo za akiba. Juu andika majina. Anayeiweza kazi peke yake apate alama mbili, anayeiweza akielekezwa apate moja. Kazi yenye alama mbili kwa jina moja tu ndiyo itakayokuamsha usiku. Usishangae jina hilo likiwa lako.

Usikimbilie kuziba mapengo yote. Anza na yale ambayo yakikwama kwa saa moja mtu anaweza kuumia au mali kuharibika: maji, umeme, moto, lifti, funguo. Hesabu za kodi zinaweza kungoja kupambazuke. Na hapo kwenye fedha uwe makini: kufundishana kazi kusiwe njia ya mtu mmoja kupokea malipo na kuyahakiki mwenyewe. Mhasibu akienda likizo, mbadala wake asiwe yule anayekusanya.

Hatua ya 2: Kila mmoja aguse kwa mkono wake

Hapa ndipo pa kutumia muda, na ndipo wengi wanapoparuka. Kuonyeshwa picha hakutoshi. Wapangaji wakishaarifiwa kwamba maji yatakatika kidogo, zunguka jengo na timu nzima, na kila mmoja afunge koki kuu na kuifungua. Sisi tuligundua koki mbili zilizoshika kutu kiasi kwamba hazikuzunguka kabisa. Afadhali kugundua hivyo asubuhi fundi akiwa pembeni. Kisha ning'iniza kibao kwenye kila koki na swichi kuu: inahudumia wapi, inafungwa kuelekea upande gani.

Wafundishe pia mambo ya kutofanya. Maji yakikaribia umeme, swichi kuu izimwe kwanza, lakini tu ikiwa unaifikia ukiwa mahali pakavu. Kama sakafu imeloa, kaa mbali na uite wataalamu. Lifti ikikwama katikati ya ghorofa mbili, usimvute mtu nje, kwa kuwa anaweza kutumbukia kwenye shimo la lifti. Zungumza naye, mtulize, ita mafundi wa lifti.

Walinzi na wafanya usafi wawemo. Mara nyingi wameajiriwa na kampuni nyingine, kwa hiyo hawaalikwi, ilhali wao ndio huona maji ya kwanza.

Hatua ya 3: Zamu iwe na simu yake

Namba ya dharura isiwe ya mtu. Nunua simu moja inayokabidhiwa kutoka mkono hadi mkono, na kila zamu iwe na majina mawili, la kwanza na la akiba. Aliyeamshwa usiku achelewe kuingia kesho yake, na hilo liandikwe kwenye utaratibu ili asilazimike kuliomba kama hisani.

Mkataba wa upangaji useme dharura ni nini. Bomba linalodondosha tone tone si dharura. Maji yanayopita darini ni dharura.

Hatua ya 4: Toa mamlaka kwa maandishi

Tumia maneno kama haya: "Aliye zamu anaweza kuita fundi na kuidhinisha matengenezo ya dharura hadi kiwango alichokubali mwenye jengo, bila kuomba ruhusa. Ataandika taarifa kabla ya saa nne asubuhi."

Akiamua vibaya ndani ya mipaka hiyo, mtetee mbele ya mwenye jengo, mengine myazungumze baadaye mkiwa wawili. Ukimgeuka mara moja tu, safari ijayo atasubiri uamke.

Hatua ya 5: Wakinge na matusi

Watu wetu hubanwa pande mbili, wapangaji huku na mwenye jengo kule, na nimewaona wakiacha kazi kwa sababu hiyo kuliko kwa mshahara. Wape sentensi ya kushika: "Nimekuelewa, dada, na tatizo lako nitalifuatilia. Ila kwa matusi hatutafika. Nakata simu sasa, nitakupigia baada ya nusu saa." Na kweli apige. Ikirudiwa mara ya pili, mpangaji huyo anashughulikiwa na meneja. Barua ya kudai kodi au notisi ya kuhama ipelekwe na watu wawili daima.

Hatua ya 6: Daftari la makabidhiano

Mistari mitatu tu: kilichotokea, kilichobaki, nani anasubiri jibu. Mstari wa tatu ndio watu husahau, na ndio huzaa simu za hasira.

Hatua ya 7: Potea

Chagua siku mbili za katikati ya mwezi, kodi ikiwa imeshakusanywa, uzime simu yako kabisa. Usichungulie. Ukirudi, soma daftari kabla ya kuuliza lolote.

Mara yangu ya kwanza nilikuta jumbe kumi na moja. Mambo ya jumbe tisa walikuwa wameshayamaliza wenyewe. Mbili zilihusu kabati la funguo za akiba, ambalo halikufunguka kwa siku zote mbili, kwani ufunguo wake nilikuwa nao mfukoni.