Stata inazungusha, gari haliwaki
Kama stata inazungusha injini kwa nguvu lakini gari haliwaki, acha kuilazimisha, utaua betri bure. Kwa gari la petroli, tafuta kwanza vitu viwili: mafuta na moto (cheche za plagi).

Anza na sikio. Zima redio, funga vioo, washa switchi bila kupiga stata. Magari mengi ya injeksheni (yasiyo na kabureta), pampu ya mafuta itavuma "zzzz" upande wa tenki kama sekunde 2, kisha inyamaze. Kimya kabisa? Angalia fyuzi yake, halafu relei (swichi ndogo ya umeme inayoiwasha pampu). Mara nyingi relei ya honi ni ya aina ileile. Namba za juu zikilingana, zibadilishane ujaribu. Langu lilinigomea hapa katikati ya Tabora na Urambo, jua la saa nane, nimeshafungua nusu ya vitu vya chini ya boneti, kumbe fyuzi tu.

Pampu ikivuma, zungusha kidogo kisha chomoa plagi moja. Imelowa na kunuka petroli? Huenda moto ndio haupo: angalia koili (inayotoa umeme wa cheche). Kavu? Mafuta hayafiki, na huenda ni sensa ya krenki (inayoiambia kompyuta kuwa injini inazunguka).

Taa ya ufunguo ikimweka kwenye dashibodi, usifungue chochote, jaribu ufunguo wa akiba. Na geji ya mafuta hudanganya, mimina lita 2 kwanza.